Bei za dakika za mwisho kwenye meli za kitalii: zinamfaa kweli anayeondokea Zanzibar?

Mtoto wa Mkunazini:

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Ninaandika kutoka Unguja mjini, na ninaomba msaada wa wale waliowahi kusafiri kwa meli kubwa za kitalii au waliowahi kufanya kazi ndani yake. Kila mwaka kaskazi inapoingia, meli hizo huanza kuonekana bandarini Malindi. Mama yangu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 68, hupenda kuteremka Forodhani jioni, akakaa ukutani na kuitazama meli mpaka taa zake ziwashwe. Yeye ni mzaliwa wa Pemba, na alipokuwa msichana alivuka kuja Unguja kwa jahazi, safari ambayo huisimulia mpaka leo kwa namna inayomfanya msikilizaji ayasikie maji yakipiga ubavuni. Msimu uliopita aliniuliza, bila ya kunitazama usoni, kama watu wa kawaida kama sisi nao huruhusiwa kupanda meli kama ile. Tangu siku hiyo sijapata utulivu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari. Nimeweka akiba kidogo kidogo, na ningependa kumchukua safari moja ya siku chache, sisi wawili tu. Nimesoma mara nyingi kwamba vyumba visivyouzwa hupunguzwa bei sana wiki za mwisho kabla ya meli kung'oa nanga, na kwamba mwenye subira hupata kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Maelezo hayo, hata hivyo, huandikwa na watu wanaoishi saa mbili kwa gari kutoka bandari ya Southampton au Miami, wenye pasipoti zinazowafungulia karibu kila mlango. Sijaona hata mmoja aliyeandika akiwa kisiwani kama sisi.

Ninaomba kujua, kwanza, ni kwa nini bei hizo huanguka na ni lini hasa. Pili, je, mtu mwenye pasipoti ya Tanzania anaweza kunufaika nazo, au ni jambo la wengine? Tatu, je, inawezekana kupanda hapa hapa Malindi, meli inapopita? Niongeze kwamba mama ana maumivu ya magoti, hutembea lakini hawezi ngazi nyingi, na kwamba likizo yangu ndefu huanza mwanzoni mwa Disemba, kwa hiyo sina uhuru mkubwa wa kuchagua tarehe.

Baharia Mstaafu:

Waalaykum salaam, Maalim. Umeuliza jambo zuri, na nia yako kwa mama yako imenigusa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nilifanya kazi miaka 11 kwenye meli za kitalii, mwanzo nikiwa msafishaji wa vyumba, baadaye msimamizi wa sitaha mbili nzima. Jambo la kwanza unalopaswa kulielewa ni kwamba meli huondoka siku yake, iwe imejaa au haikujaa. Mafuta yatachomwa, mishahara italipwa na ada za bandari zitatozwa vile vile. Chumba kilichobaki kitupu hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe mwezi ujao. Usiku wake ukipita, umepita. Zaidi ya hapo, abiria aliyepanda kwa bei ya chini bado atanunua vinywaji, atapigwa picha, atakwenda matembezi ya nchi kavu yanayouzwa na kampuni yenyewe, atakandwa mwili, na wengine watacheza kamari. Sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hizi hutoka humo. Ndiyo maana kampuni huona afadhali kuuza chumba kwa bei ya chini kuliko kukiacha kitupu, ingawa hufanya hivyo kwa tahadhari, kwa sababu haipendi kuwaudhi waliolipa bei kamili mapema.

Sasa tuje kwenye lini. Anayenunua mapema hutoa arbuni tu, yaani sehemu ya malipo ya awali, na salio hudaiwa kwa tarehe maalumu, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya siku 75 na 120 kabla ya safari, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Tarehe hiyo ikifika, walioghairi hujitoa na vyumba vyao hurudi sokoni kwa pamoja. Ni hapo ambapo kampuni huona kwa uhakika ina vyumba vingapi mkononi, na ni kuanzia hapo bei huanza kutikisika. Kwa hiyo, yanayoitwa dakika za mwisho si dakika hata kidogo: kwa kawaida ni kipindi cha miezi miwili au mitatu ya mwisho, hadi kama wiki mbili kabla ya kuondoka. Usidhani kwamba unaweza kwenda gatini na sanduku lako asubuhi ya safari ukauziwa nafasi. Orodha ya abiria hufungwa kabla ya siku hiyo, kwa kuwa hupelekwa kwa maafisa wa uhamiaji wa bandari ambazo meli itatia nanga.

Kinachobaki mwishoni mara nyingi ni vyumba vya ndani, visivyo na dirisha. Pia kuna aina ya mauzo ambayo abiria hulipia daraja la chumba bila ya kujua nambari yake, na kampuni humpangia popote palipobaki. Hiyo ndiyo bei ya chini kuliko zote. Niliwahudumia wengi walionunua hivyo: wengine walipata chumba kizuri kuliko walicholipia, na wengine walilala chini ya ukumbi wa ngoma, au upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ambako mtetemo wa mashine hauishi usiku kucha. Kijana hatajali. Mama wa miaka 68 atajali sana.

Ujue pia kwamba meli huhesabiwa kuwa imejaa asilimia 100 pale kila chumba kinapokuwa na watu wawili. Vyumba vyenye watoto huwa na watatu au wanne, kwa hiyo meli za likizo za skuli huondoka zikiwa zimepita asilimia 100, na katika safari kama hizo hakuna chochote cha kusubiri. Bei huanguka pale ambapo watu ni wachache: wiki mbili za mwanzo za Disemba, siku zinazofuata mwaka mpya, na zile safari za kuhama.

Hizo za kuhama nizieleze, kwa sababu mzee yeyote wa Zanzibar atazielewa upesi. Majahazi yalikuja kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Hakuna nahodha aliyeshindana na msimu. Meli za kitalii nazo zina misimu yake: nyingi hukaa Karibi wakati wa baridi ya kaskazini mwa dunia, na kati ya Aprili na Mei huvuka Atlantiki kwenda Mediterania, kisha Oktoba na Novemba hurudi. Meli haina budi kuhama, lakini abiria wengi hawataki safari ya siku 12 au 15 yenye maji matupu kwa juma zima. Kwa hesabu ya kila usiku, ni nadra kupata rahisi kuliko hizo. Kwako, hata hivyo, hazifai, kwa kuwa utashushwa bara jingine na tiketi ya ndege ya kurudi itakula ulichookoa.

Kuhusu kupanda hapa Malindi, usiliweke katika hesabu zako. Meli nyingi zinazopita kwetu ziko katikati ya safari ndefu, vyumba vyake vimeuzwa tangu bandari ya mwanzo, na abiria hushuka kwa saa chache tu kutembea Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, kisha hurudi chomboni.

Mama wa Chake:

Aliyosema mzee wetu Baharia ni kweli tupu, lakini kuna jambo ambalo watu wenye pasipoti za Ulaya hawana haja ya kulifikiria, na mimi limeniuma mpaka leo.

Miaka michache iliyopita mimi na mume wangu tuliona bei ya safari ya usiku 7 kutoka Barcelona. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Bei ilikuwa ya chini kiasi ambacho tuliona kukaa kufikiri ni kupoteza nafasi, na wakala aliyetuuzia (sitamtaja) hakutuuliza hata mara moja kama tuna viza. Tulilipa kwa ukamilifu siku ile ile, kwa sababu anayenunua baada ya tarehe ya salio kupita hana arbuni: hulipa chote, na kwa kawaida harudishiwi kitu. Kisha ndipo tukaanza kushughulikia viza. Tulitoka Pemba kwa boti mpaka Unguja, kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam, tukatoa alama za vidole, tukarudi kusubiri. Majibu yalikuja, na yalikuwa ya kukubaliwa, siku tatu baada ya meli kuondoka.

Ninaomba kila atakayesoma hapa ayaweke akilini haya. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, linatakiwa kuwasilishwa si chini ya siku 15 kabla ya safari, na linaweza kuwasilishwa hata miezi 6 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukikataliwa. Unatakiwa uwe na bima ya safari inayofikia yuro 30,000. Na kama meli itatoka katika nchi za Schengen, ikatia nanga nchi nyingine, kisha ikarudi, basi viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Utahitaji ya kuingia mara nyingi, vinginevyo utazuiwa kupanda tangu bandari ya kwanza.

Weka siku hizo 45 kando ya wiki nne tulizokuwa nazo, utaona kosa letu. Bima tuliyokuwa nayo haikulipa, kwa sababu kuchelewa kwa viza hakukuwamo katika yale iliyoyakinga. Tulisoma mkataba baada ya tukio. Maalim, tafadhali usisubiri bei ya mwisho kwa nchi inayokutaka viza, isipokuwa viza hiyo unayo tayari kwenye pasipoti.

Mtoto wa Mkunazini:

Nakushukuru sana, dada, na pole kwa yaliyokupata. Ami Baharia, maelezo yako ya misimu nilimsomea mama, naye akasema kwamba anayaelewa vizuri kuliko mimi.

Basi swali langu limekuwa jembamba zaidi. Je, ipo njia ambayo Mtanzania hahitaji viza hata moja tangu kupanda mpaka kushuka, na ambayo haihitaji ndege ya mbali?

Mkata Tiketi wa Malindi:

Ipo, Maalim, na ninashangaa kwamba watu wetu hawaifikirii: Durban, bandari ya Afrika Kusini.

Mtanzania huingia Afrika Kusini bila ya viza kwa ziara isiyozidi siku 90, na Msumbiji vile vile huingia bila ya viza kwa ziara fupi. Kampuni ya meli za kitalii ya MSC huweka meli Durban katika majira ya joto ya kusini, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na safari zake nyingi ni za usiku 3, 4 au 5, zikielekea pwani ya Msumbiji, kama vile Pomene na kile Kisiwa cha Wareno kilicho katika ghuba ya Maputo. Kwa ndege utapitia Johannesburg, kisha Durban. Mashelisheli nayo haitaki viza kwa Mtanzania, na Singapore haitutaki viza, lakini nauli ya kwenda Singapore kwa ajili ya usiku nne baharini haina maana. Ghuba ya Uajemi, ambako meli hukaa kipindi cha baridi zikizunguka Dubai, Abu Dhabi na Doha, ingekuwa karibu kwetu kwa ndege za moja kwa moja, ila Mtanzania anahitaji viza ya Falme za Kiarabu, tena meli ikienda Doha na kurudi ni lazima uulize kuhusu viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Isitoshe, tangu mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, kampuni kadhaa zilifuta au zilibadilisha misimu yao ya huko kwa kuwa njia ya Suez haikuwa salama, na meli zikazungushwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Sasa kuhusu kusubiri, mimi sikubaliani kikamilifu na fikra yenyewe, na nitaeleza kwa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, zisichukuliwe kuwa bei za leo.

Tuseme tangazo linasema dola 250 kwa usiku 4. Kwanza soma maandishi madogo: bei hiyo ni ya mtu mmoja kati ya wawili watakaolala chumba kimoja. Angekuwa msafiri wa peke yake, angelipa karibu chumba kizima. Ongeza ada za bandari na kodi, tuseme dola 100. Ongeza malipo ya huduma ambayo kampuni nyingi hukata kwa kila siku badala ya bakshishi ya mkononi, tuseme dola 15, ambayo kwa usiku 4 ni dola 60. Dola 250 zimekuwa 410, na bado hamjanywa hata soda. Kwa nyinyi wawili ni dola 820. Hapo tuongeze ndege: tuseme ukikata miezi minne kabla ni dola 500 kwa mtu, na ukikata wiki tatu kabla ni dola 700. Ukisubiri, unaweza kuokoa dola 80 za chumba kwa kila mtu, huku ukipoteza dola 200 za ndege kwa kila mtu. Anayeishi Durban huokoa zile 80 zote kwa sababu huenda bandarini kwa teksi. Wewe unapoteza 120 kwa kila mtu, halafu unadhani umepata nafuu.

Kwa hiyo ninayowashauri wateja wangu wa visiwani ni kugeuza mpango. Kata chumba mapema kwa arbuni, na kabla hujatoa pesa uulize wazi kama arbuni hiyo hurudishwa, kwa sababu bei nyingi za promosheni huwa na arbuni isiyorudi. Kisha iangalie bei ya chumba kile kile kila wiki mpaka ifike tarehe ya salio. Ikishuka, mwandikie aliyekuuzia umwombe akuhamishie bei mpya. Kampuni nyingi hukubali kabla ya salio kulipwa, na baada ya hapo hukataa au hukupa tofauti hiyo iwe pesa ya kutumia ndani ya meli. Kwa njia hii unafaidika na bei inapoanguka mapema, bila ya kuweka tiketi ya ndege rehani.

Kuhusu tarehe, una bahati kuliko unavyodhani. Skuli za Afrika Kusini kwa kawaida hufungwa kuelekea katikati ya Disemba, na siku hiyo ikipita bei hupanda kama moshi. Likizo yako ikianza mwanzoni mwa mwezi, lenga safari ya wiki ya kwanza. Usiguse Krismasi wala mwaka mpya.

Mambo mawili ya mwisho ni ya tahadhari. Fika Durban siku moja kabla ya meli kuondoka. Meli haimngoji abiria ambaye ndege yake imechelewa Johannesburg, na milango ya kupandia hufungwa mapema, mara nyingi saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Na usinunue safari yoyote inayotangazwa kwa ujumbe wa simu na mtu anayekutaka utume pesa kwa nambari yake binafsi. Nambari ya nafasi uliyokata ni lazima ionekane kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe kwa jina la mama yako. Isipoonekana, hukununua kitu.

Baharia Mstaafu:

Mkata Tiketi amesema kweli, na mimi ninakubali kosa langu: nilipoeleza habari ya kusubiri nilikuwa nikifikiri kama mtu anayeishi bandarini, jambo ambalo nililifanya kwa miaka 11.

Nitaongeza yale ya ndani ya chombo, kwa sababu huko ndiko mama atakakoishi. Kusubiri bei ya mwisho kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Vyumba vya watu wenye shida ya kutembea, vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, ni vichache katika kila meli na humalizika mapema mno. Huenda mama yako hakihitaji hicho, lakini anahitaji chumba kilicho karibu na lifti, katikati ya meli, sitaha ya chini kiasi, kwa kuwa hapo mrusho wa omo (mbele ya meli) na tezi hausikiki sana. Chumba cha namna hiyo huchaguliwa kwa nambari, na nambari hupatikana kwa anayekata mapema. Ukinunua kile cha kupangiwa, utakapotupwa ndipo utakapolala, na meli hizi ni ndefu: kutoka chumba cha tezi mpaka ukumbi wa chakula wa omo ni mwendo wa kuumiza magoti mara tatu kwa siku.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Zipo kampuni zinazoandaa nyama ya halali kwa anayeomba, lakini hutaka taarifa wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, na anayepanda kwa dakika za mwisho huwa amekwisha kuchelewa. Samaki, mayai, mboga, wali na matunda havikosekani. Ukifika siku ya kwanza, muombe msimamizi wa ukumbi wa chakula azungumze nawe, umweleze kwa upole. Nimewaona wakihangaika kwa moyo safi kumridhisha mtu mzima anayesafiri na mwanawe.

Kuhusu bahari ile, nisikufiche. Mkondo wa pwani hiyo huteremka kwa kasi kuelekea kusini, na upepo wa kusini-magharibi unapopiga kinyume chake, mawimbi husimama. Tena Mfereji wa Msumbiji una msimu wa vimbunga kuanzia Novemba hadi Aprili, ambao hukaza zaidi Januari hadi Machi. Kimbunga Idai cha Machi 2019 tunakikumbuka sote. Disemba ya mwanzo ni salama zaidi kuliko Februari, lakini nahodha anaweza kuacha kituo chochote asichokiamini, na mkataba unamruhusu kufanya hivyo bila ya kampuni kukurudishia nauli. Pia, kwenye fukwe za Msumbiji hakuna gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa vyombo vidogo, na mtu mwenye magoti mabovu inabidi ashikwe mkono wakati chombo kinacheza. Ikiwa siku hiyo bahari imechafuka, mbakishe juu. Meli ikishashusha watu huwa kimya, viti vya sitahani huwa vitupu, na kwa miaka yangu yote niliona kwamba hizo ndizo saa walizozipenda zaidi watu wa umri wake.

Nunua bima siku ile ile ya kutoa arbuni, na hakikisha imeandikwa kwamba inalipia matibabu ndani ya meli na kuhamishwa mgonjwa. Daktari wa meli hutoza kwa dola, na si kidogo.

Mama wa Chake:

Na pasipoti ya mama, Maalim. Iangalie leo. Kampuni nyingi hutaka ibaki na miezi 6 tangu siku ya kumaliza safari, na hata bila ya viza, pasipoti iliyokwisha ni mlango uliofungwa.

Mtoto wa Mkunazini:

Nimeiangalia, dada. Inakwisha Machi, kwa hiyo haitoshi kwa safari ya Disemba, na wiki ijayo tutakwenda Uhamiaji kuiomba mpya. Laiti ningalisubiri bei ya mwisho, ningaligundua hilo wakati meli iko tayari kuondoka.

Nimeamua hivi. Tutakwenda Durban, wiki ya kwanza ya Disemba, usiku 4. Pasipoti ikitoka tu, nitakata kwa arbuni inayorudishwa, chumba chenye dirisha kilicho karibu na lifti za katikati. Kitakuwa ghali kuliko cha ndani, lakini sitampeleka mama baharini nimfungie mahali asipoiona bahari. Ndege nitaikata siku hiyo hiyo, tukitangulia kufika kwa siku moja, na kila Ijumaa baada ya sala nitaangalia kama bei ya chumba imeshuka, mpaka tarehe ya salio. Ikishuka nitaandika hapa, na isiposhuka pia nitaandika, ili mwingine wa visiwani apate pa kuanzia.

Mama nilimweleza jana usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama katika meli hiyo mtu anaruhusiwa kukaa nje usiku, au wote hulazimishwa kuingia ndani. Ami Baharia, nijibu hilo, nimpelekee majibu.

Baharia Mstaafu:

Mwambie anaruhusiwa, hata mpaka alfajiri. Achukue mtandio mzito, kwa sababu meli ikiwa mwendoni upepo wa sitahani ni baridi, na akae upande ambao meli inaukinga upepo. Asiyekuwa na hakika ni upande upi amuulize baharia yeyote atakayempitia. Ataonyeshwa, na ataletewa kiti.